Ficha, Usifute

Wanachuo wenzangu, naomba nianze kwa kukiri kosa. Mwaka jana, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kata mkoani Singida, nilimfuta mama mmoja kwenye picha. Nilipotaka kumrudisha, sikuweza.

Ilikuwa hivi. Shule ilikuwa inajiandaa kwa mahafali ya kidato cha nne. Mkuu wa shule alikuwa amesikia kwamba "yule mwalimu wa chuo anajua kompyuta", na mnajua wenyewe maana ya maneno hayo: kuanzia siku ile kila kitu chenye waya kilikuwa changu. Akanipa kazi ya kutengeneza bango la mahafali. Alitaka liwe na picha ya mwaka shule ilipoanza, 2006, ambayo mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameitunza nyumbani kwake. Mzee akaileta ndani ya bahasha, nikaipiga kwa simu palepale mezani, akairudisha kwenye bahasha yake akaondoka nayo. Kesho yake akasafiri kwenda Dodoma kwa wanawe.

Kwenye picha ile wanafunzi wa kwanza wa kidato cha kwanza wamepangwa mistari mitatu mbele ya darasa ambalo bado halijapigwa lipu. Walimu wawili wamekaa kwenye viti katikati. Upande wa kulia, nje kidogo ya mistari, kuna fundi mmoja, na pembeni yake mama mmoja kajitwisha ndoo. Mimi niliona wanafunzi na walimu. Upande wa kulia niliuona kama nafasi ya kuandikia jina la shule.

Basi nikachukua raba ya kwenye programu, ile laini ambayo kingo zake zinafifia, nikaipitisha taratibu kutoka ukingoni kuja katikati. Ukuta ukayeyuka, fundi akayeyuka, ndoo ikayeyuka, ikabaki rangi ya bluu ya bango. Nikaandika jina la shule kwa herufi nene. Nikajisifu kimoyomoyo. Nikahifadhi kwa jina lilelile la faili, nikafunga programu. Kwenye simu nilishaifuta picha zamani, kwa sababu simu yangu ikishika picha kumi inaanza kulia kwamba imejaa.

Jioni ya siku ya pili nilikuwa ofisini namwonyesha mkuu kazi hiyo kwenye laptopu. Mama wa jikoni akaingia na birika la chai. Akainama kutazama, akatabasamu, kisha tabasamu likakaa kidogo bila kwenda popote.

"Mwalimu, hii picha naijua. Huku pembeni si ndiko tulikosimama mimi na fundi? Nilikuwa nabeba maji ya kufyatulia matofali."

Jamani. Shule nyingi za kata zilijengwa kwa michango na nguvu za wananchi, hilo tunalisoma darasani na tunaliandika kwenye mtihani tukapata alama. Na mimi nilikuwa nimeutoa upande wote wa nguvu za wananchi ili herufi zangu zipate pa kukaa. Nikamwambia, "Samahani mama, narekebisha sasa hivi." Nikafungua faili. Nikabonyeza Control na Z mpaka kidole kikachoka. Programu ikifungwa haikumbuki ulichofanya jana. Steshenari ya mjini ilikuwa inasubiri faili asubuhi, na mzee mwenye picha alikuwa Dodoma. Bango likachapishwa bila yeye.

Siku ya mahafali alipika pilau la watu mia tatu na akanipakulia sahani yangu kama kawaida. Hakusema neno. Ndiyo maana naandika.

Hoja yangu ni fupi: katika kazi zetu zote za picha hapa chuoni, tujifunze kuficha badala ya kufuta. Na kuficha kuna njia yake, wala si ngumu.

Njia hiyo ni barakoa. Tangu 2020 hakuna Mtanzania asiyeijua barakoa, na watu wa pwani walikuwa wakiijua zamani kwenye nyuso za kinamama. Barakoa haimkati mtu pua. Inaifunika tu. Ukiivua, pua ipo palepale. Kwenye programu za picha ni hivyohivyo. Picha yako inakaa kwenye leya, yaani tabaka lake. Unaibandikia karatasi nyingine yenye ukubwa uleule, ambayo mtazamaji haioni, na karatasi hiyo inajua lugha moja tu: nyeupe, nyeusi na kijivu. Palipo peupe, picha inaonekana. Palipo peusi, picha imefichwa, unaona kilichoko chini yake. Palipo kijivu, inaonekana kwa kiasi. Picha yenyewe haijaguswa hata pikseli moja.

Sasa ukitaka picha ififie polepole, kama ukungu unavyoachia mlima asubuhi, unaweka juu ya barakoa kile wanachokiita gredienti, yaani mpito wa rangi kutoka nyeusi kwenda nyeupe bila mpaka unaoonekana. Kwenye GIMP, ambayo ni ya bure, hatua ni hizi:

Fungua picha, kisha weka chini yake leya ya rangi ya bango lako. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya leya ya picha, chagua kuongeza barakoa, na uchague nyeupe, ile inayoonyesha picha yote. Bonyeza D ili rangi zako zirudi kuwa nyeusi na nyeupe. Bonyeza G kupata kifaa cha gredienti, na hakikisha kimewekwa kiende kutoka rangi ya mbele hadi rangi ya nyuma. Halafu hapa ndipo wengi wanapoanguka: kwenye orodha ya leya utaona vijipicha viwili vimekaa bega kwa bega, cha picha na cha barakoa. Bofya cha barakoa. Usipofanya hivyo utaipaka picha yenyewe weusi, kisha utaanza kuilaumu kompyuta. Sasa bonyeza pale unapotaka picha ipotelee, buruta hadi pale unapotaka ionekane yote, achia, bonyeza Enter. Ukiburuta mwendo mfupi, mpito unakuwa mkali kama kisu. Ukiburuta mwendo mrefu, unakuwa mpole. Ukishikilia Control wakati unaburuta, mstari wako unanyooka.

Hukuipenda? Buruta tena. Mara kumi, mara ishirini, picha haichoki. Ukitaka kuona ilivyokuwa mwanzo, shikilia Control ubofye kijipicha cha barakoa, barakoa inavuliwa. Bofya tena, inavaliwa. Kwenye Photoshop ni Shift badala ya Control. Mama na ndoo yake wangerudi kwa kubofya mara moja.

Mimi nasomea ualimu wa hisabati na jiografia, kwa hiyo mnivumilie kidogo, kwa sababu ndani ya barakoa kuna somo. Kila kijivu ni namba. Katika barakoa ya kawaida, nyeusi ni 0 na nyeupe ni 255, katikati kuna ngazi zote, jumla 256. Tuseme pikseli ya picha ina mwanga wa 200, ya rangi ya chini ina 100, na barakoa pale inaruhusu robo ya picha. Kwa hesabu rahisi, robo ya 200 ni 50, robo tatu za 100 ni 75, jumla 125. Hiyo ndiyo rangi utakayoiona. Ukisogea kidogo kuelekea kwenye weupe, robo inakuwa nusu, jumla inakuwa 150. Ukisogea tena, 175. Kufifia kote kule kunakotupendeza macho ni desimali zimepangwa foleni. Mwanafunzi anayeuliza "mwalimu, sehemu na asilimia zitanisaidia nini mtaani?" mpeleke kwenye bango la msanii yeyote.

Na kwa sisi wa ualimu faida haiishii kwenye mabango. Nikiwa kulekule mazoezini, baada ya aibu ile, nilichukua mchoro wa mzunguko wa maji nikauwekea barakoa, nusu yake ikafifia. Nikauonyesha kwa projekta ya kuazima, wanafunzi wakajaza kwenye madaftari kilichofichwa. Walipomaliza nikaivua barakoa mbele yao. Darasa zima likapiga kelele ya "aaah!" Ingekuwa nimefuta, ningehitaji michoro miwili na maelezo mengi. Kozi yetu ya teknolojia ya elimu ingeweza kulifundisha hili kwa kipindi kimoja tu. Tumekariri aina za zana za kufundishia na faida zake nane. Bado hatujatengeneza hata moja kwa mikono yetu.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya watu wa sanaa, sisi wengine tutumie tu templeti. Naomba wasikilize kisa hiki. Mwaka 1987, Thomas Knoll alikuwa mwanafunzi wa udaktari pale University of Michigan. Kioo cha kompyuta yake kilijua nyeusi na nyeupe tu, yeye akataka kionyeshe kijivu, akaandika programu ndogo ya kufanya hivyo. Akaiendeleza na ndugu yake John, na mwaka 1990 ikatoka kwa jina la Photoshop. Miaka mitano baadaye wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, wakaanza kuandika programu yao ya picha, wakaiachia watu waitumie bure. Ndiyo GIMP. Kwa hiyo programu zote mbili hizi zilizaliwa mikononi mwa wanachuo, watu waliokuwa na mitihani, waliosubiri fedha na kula kwa kuunga-unga kama sisi. Moja ilizaliwa kwa sababu mwanafunzi alikosa kijivu. Hatuna sababu ya kuziogopa. Na kwa kuwa mojawapo ni ya bure, hatuna sababu ya kutembea na flashi yenye programu ya wizi iliyojaa virusi, inayozunguka hosteli nzima kila msimu wa uchaguzi.

Nikisema uchaguzi nimefika pagumu. Tazameni mabango ya kampeni ya serikali yetu ya wanafunzi yaliyobaki kwenye nguzo na milango. Mgombea yuko katikati, anang'aa mpaka kitufe cha shati. Mgombea mwenza, ambaye mara nyingi ni dada, yuko pembeni, na kufifia kunaanzia begani kwake. Kwenye bango moja nililohesabu hatua kulikaribia, uso wake ulianza kusomeka nikiwa nimeshafika karibu kuligusa. Dizaina hakuwa na nia mbaya, naamini. Alihitaji pa kuandika kauli mbiu, kama mimi nilivyohitaji pa kuandika jina la shule. Lakini nafasi haipatikani bure, kuna mtu analipia.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu hoja yangu mwenyewe, maana kuna rafiki yangu wa sheria niliyemsomea makala hii akanikamata. Alisema: "Kwa aliyesimama mbele ya bango, barakoa na raba vina tofauti gani? Yule mama haonekani, basi." Ni kweli. Karatasi ikishatoka steshenari, kufichwa na kufutwa ni kitu kimoja. Barakoa haikufanyi kuwa mtu mwema. Unaweza kumficha mtu kwa ustadi mkubwa na faili yako ikawa safi kabisa.

Nilimjibu hivi, na ndilo jibu ninalowapa nanyi. Barakoa inakupa muda wa kusikia. Kati ya kutengeneza na kuchapisha kuna dirisha dogo, na ndani ya dirisha hilo mtu anaweza kuingia na birika la chai akasema "mbona mimi sipo?" Ukiwa umefuta, utakachomjibu ni samahani. Ukiwa umeficha, unaweza kumwambia "ngoja kidogo, mama," ukasogeza mpito wako sentimita tatu, ukapunguza herufi, akawepo. Lakini lazima awepo wa kuuliza, na lazima umwonyeshe. Kwa hiyo ufundi peke yake hautoshi. Ufundi unakuacha mlango wazi; kumkaribisha mtu ni juu yako.

Wengine watalalamika kuhusu nafasi. Faili yenye leya ni nzito, kweli, na flashi zetu zinajaa. Lakini tuna nafasi ya filamu za msimu mzima, hatukosi nafasi ya faili tano za klabu. Wengine wanafanya kazi zote kwa simu, na programu nyingine za simu zinakubakizia picha ya mwisho peke yake. Kwa hao kanuni ni moja, haihitaji kompyuta: kabla hujaigusa picha ya mtu, tengeneza nakala, na uiguse nakala.

Nimalizie kwa mapendekezo, kwa kuwa makala ya mwanachuo isiyo na mapendekezo tunajua inavyosahihishwa.

Kwanza, kila klabu na kila kamati inayomaliza muda wake ikabidhi faili halisi za kazi zake, zenye leya na barakoa, zile za XCF au PSD, pamoja na picha za asili. Leo viongozi wapya wanarithi muhuri, deni, na JPEG iliyopita kwenye WhatsApp mara sita mpaka nyuso zimekuwa uji. JPEG haihifadhi leya wala uwazi. Ukishakabidhiwa hiyo, umekabidhiwa mkate, unga hupati tena. Kila mwaka tunaanza sifuri.

Pili, chama cha wanafunzi kiombe maabara moja ya kompyuta kwa Jumamosi moja, GIMP iwekwe, na wanaojua wawafundishe wasiojua. Nipo tayari kusimama mbele kwa saa mbili bila posho. Andikeni hilo, msije mkasema sikusema.

Tatu, tume ya uchaguzi iweke sharti dogo: bango lenye watu wawili lipelekwe na sahihi za watu wawili. Mgombea mwenza aione sura yake kabla nguzo hazijaiona.

Nne, na hili ni la kila mmoja wetu: kabla hujachapisha, mwonyeshe angalau mtu mmoja aliyemo kwenye picha. Si mkubwa aliyekutuma. Yule aliye pembeni.

Wiki moja kabla ya kuondoka Singida, yule mzee alirudi kutoka Dodoma. Nilikwenda kwake kwa baiskeli ya kuazima, nikaipiga picha upya, safari hii mara nne. Usiku nikaifanya kwa barakoa, mpito nikauweka juu, kwenye anga, ambako hapakuwa na mtu. Jina la shule likakaa kwenye mawingu, na kusema kweli lilipendeza kuliko mwanzo. Nikaichapisha kwenye karatasi ya A4 kwa shilingi elfu moja, nikampelekea mama jikoni.

Aliifuta mikono kwanza kwenye kitenge, ndipo akaipokea. Akaitazama muda mrefu, akamwonyesha kwa kidole binti aliyekuwa akichagua mchele: huyu mimi, huyu fundi. Halafu akaniuliza kama lile bango kubwa la ukumbini nalo nimelibadilisha.

Sikuwa nimelibadilisha. Lipo mpaka leo.